Kabla shangazi hajatuma: nilivyoishika konsoli mpya ya mkononi kule Cologne



Mwezi wa Agosti 2025 nilisimama kwenye foleni zaidi ya saa mbili ili nicheze mchezo wa kompyuta kwa dakika kumi na tano. Nina miaka arobaini na tano, ndevu zishaanza kuingia mvi, na wengi waliokuwa mbele na nyuma yangu wangeweza kuwa wanangu. Mmoja alikuwa amevaa mabawa ya kadibodi. Mwengine alibeba upanga wa sponji unaomzidi kimo. Mimi nilikuwa na kofia yangu ya vito tu, na kijana mmoja, kwa adabu kabisa, akaniuliza hiyo ni kofia ya mhusika wa mchezo gani.

Hapo palikuwa Cologne, Ujerumani, kwenye maonyesho ya michezo ya video yanayoitwa Gamescom. Nilichokuwa nakingoja ni mashine ya mkononi iitwayo ROG Xbox Ally X, ambayo siku hiyo ilikuwa haijaanza kuuzwa popote duniani.

Niliishia pale kwa sababu ya mwanangu.

Mwanangu wa pili yuko kidato cha pili. Mwezi wa Juni ustadhi wake wa madrasa alinipigia simu kuniuliza kama mtoto ni mgonjwa, maana wiki mbili hajamwona. Mtoto hakuwa mgonjwa. Kila jioni alikuwa akitoka nyumbani na juzuu kwapani, anapinda kona, anaingia kwenye chumba kimoja cha gemu nyuma ya soko. Chumba kina televisheni nne, feni moja na wavulana thelathini. Mechi moja ya mpira ni shilingi ishirini, lakini wavulana hawachezi mechi tupu, huwekeana pesa, na mwanangu alikuwa anadaiwa mia saba. Nilimtoa mle kwa shati mbele ya wenziwe, na maneno niliyomwambia siyaandiki hapa. Tulipofika mlangoni kwetu aliniambia jambo moja tu: "Baba, wewe hata hujui kinachochezwa mle." Tangu hapo ikawa shikamoo na marahaba, basi.

Dada yangu, aliyeolewa Bonn na kukaa huko miaka mingi, alipozipata habari hizi akasema dawa ni rahisi. Atamnunulia mtoto konsoli yake mwenyewe, achezee nyumbani, mlango wazi, mamake akimwona. Mashangazi wa ng'ambo ndivyo walivyo. Na kwa kuwa Agosti nilikuwa nakwenda kumtembelea, nikaambiwa nikachague mwenyewe. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka kumi na tisa, alikuwa na tikiti mbili za Gamescom. Kutoka Bonn hadi Cologne kwa treni ni kama nusu saa.

Maonyesho haya yapo Cologne tangu 2009. Zamani Wamarekani walikuwa na yao makubwa zaidi, E3 ya Los Angeles, lakini hayo yalitangazwa kufungwa moja kwa moja Desemba 2023, na sasa Gamescom ndiyo inayovuta dunia. Mwaka 2025 yalifanyika tarehe 20 hadi 24 Agosti na watu zaidi ya 350,000 walihudhuria. Kumbi zake ziko ng'ambo ya mto Rhine ukitokea kwenye lile kanisa kuu maarufu. Tulikwenda Jumamosi. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya kwenye nyasi za Rheinpark, bustani iliyo ubavuni mwa kumbi hizo, kisha tukaingia kwenye ule moshi wa taa na makelele.

Kitu cha kwanza kilichonigusa mimi mzazi hakikuwa mashine. Kilikuwa utepe. Anayetaka kucheza michezo ya wakubwa huonyesha kitambulisho, afungwe utepe mkononi kulingana na umri wake. Michezo ya kuuana huwekwa nyuma ya kuta, na mlinzi hutazama mkono wako kabla ya uso wako. Ujerumani kuna chombo kiitwacho USK kinachoupa kila mchezo namba ya umri: 0, 6, 12, 16 au 18. Nchi nyengine nyingi za Ulaya hutumia PEGI, yenye 3, 7, 12, 16 na 18. Namba hizi zimechapishwa kwenye kona ya kila kasha, hata yale yanayouzwa kwetu Mombasa, nasi huzipita kama namba za kiwanda.

Mpwa wangu akanionyesha jambo ambalo lilinitoa jasho. Ule mchezo wa mpira, huo huo unaochezwa nyuma ya soko letu, PEGI walikuwa wameupa 3. Maana yake hata mtoto wa chekechea hataona kitu kibaya. Lakini Wajerumani, tangu toleo la EA Sports FC 24, wameupa 12, ingawa hakuna damu wala matusi. Sababu waliyoitaja ni kuwa ndani yake mna vifurushi vya wachezaji vinavyonunuliwa kwa pesa halisi bila mnunuzi kujua atapata nani. Unalipa, unafungua, ukibahatika ni nyota, usipobahatika ni mtu wa benchi, unalipa tena. Ubelgiji walikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 wakasema vifurushi vya namna hii ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ikaacha kuuza sarafu zake za mchezo huo nchini humo. Mimi nilikuwa nimemkamata mwanangu kwa kuwekeana shilingi na wenziwe. Sikujua kuwa hata peke yake, chumbani, mchezo wenyewe unaweza kumfungulia meza hiyo hiyo.

Haya, foleni ikafika.

Umbo lake chukua padi ya kuchezea, ile tunayoijua, uikate katikati, halafu upachike kioo cha inchi 7 kati ya vipande viwili. Ndivyo ilivyo. Vishikio vimenenepa, vinajaa kiganja, vidole vya shahada vinaangukia vyenyewe kwenye vitufe vya nyuma. Ziko mbili. Nyeupe ni ROG Xbox Ally ya kawaida, gramu 670. Nyeusi ni Ally X, gramu 715, yenye prosesa ya nguvu zaidi, kumbukumbu ya gigabaiti 24 badala ya 16, na ghala la terabaiti moja badala ya gigabaiti 512. Zimetengenezwa na ASUS kwa kushirikiana na Microsoft.

Jina lake linachanganya, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu akiona neno Xbox hudhani ni ile mashine inayokaa chini ya televisheni, imefanywa ndogo. Siyo. Hii ni kompyuta. Ndani yake mna Windows 11, ile ile ya ofisini, iliyofunikwa na ukurasa wa michezo ili usione madirisha na faili. Haina pa kutia diski. Michezo uliyoinunulia Xbox ya sebuleni mingine itakubali na mingine haitakubali, kwa sababu kinachochezeka humu ni toleo la kompyuta. Faida yake ni kuwa unaweza kununua kwenye maduka mengi ya michezo ya kompyuta, hata Steam, hukufungwa na duka moja.

Nilichagua mchezo ambao kila mtu alikuwa akiutaja, Hollow Knight: Silksong. Umetengenezwa na Team Cherry, kikundi cha watu wachache tu wa Adelaide, Australia. Waliutangaza 2019 na watu wakangoja zaidi ya miaka sita, ukatoka tarehe 4 Septemba, siku chache baada ya mimi kuuguza. Unamwongoza mdudu wa kike, Hornet, mwenye joho jekundu na sindano ndefu mahali pa upanga.

Nilikufa. Nikafufuka, nikafa tena mahali pale pale, kwa kijidudu kinachotembea taratibu ambacho hata hakikuwa na habari nami. Mpwa wangu akacheka mpaka akaegemea ukuta. Binti aliyekuwa akisimamia mashine akanionyesha: ruka kwanza, piga ukiwa hewani, usishike kitufe kwa hasira. Kwenye dakika ya kumi hivi nikaruka, nikapiga, nikatua upande wa pili, na hapo nikagundua kuwa nilikuwa nimezuia pumzi. Muda wangu ukaisha. Nilitaka kuomba dakika tano zaidi, nikaona haya.

Kioo ni kizuri mno, hilo siwezi kulificha. Kinaweza kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Televisheni nyingi za kwetu hubadilisha mara 50 au 60. Jicho halihesabu, lakini mkono unahisi: ukibonyeza, kitu kinatokea, hakuna kusubiri. Ila baada ya dakika kumi na tano viganja vilikuwa vimepata joto na kifundo cha mkono wa kushoto kilianza kulalamika. Gramu 715 ni karibu robo tatu ya kilo ya sukari. Mtu hawezi kulala chali na robo tatu ya kilo ya sukari usoni.

Nikiwa nje napumua nikampigia picha mwanangu ile mashine kwenye bango, nikamtumia kwa WhatsApp bila neno. Nilitarajia alama mbili za buluu na kimya. Jibu likaja dakika hiyo hiyo, la kwanza refu kuliko shikamoo tangu Juni: "Baba ni kali sana. Betri inakaa saa ngapi?"

Bango zima lilikuwa na maneno makubwa makubwa, na hilo halikuwemo.

Mie nina diploma ya umeme ya Mombasa Polytechnic, ilivyokuwa ikiitwa enzi zetu, kwa hivyo hapa nimo nyumbani. Betri hupimwa kwa wati-saa. Ally X ina wati-saa 80, ile nyeupe 60. Kujua itakaa muda gani, gawanya hiyo namba kwa wati ambazo mashine inakula. Mchezo mkubwa wenye picha nzito ukila wati 25, betri ya 80 itakwisha kwa saa tatu na dakika chache, na ya 60 haitafika saa mbili na nusu. Mchezo mwepesi kama Silksong ukila wati 10, unapata saa nane. Ndiyo maana mtu mmoja atakwambia mashine hii inakaa siku nzima, mwengine aape kuwa haimalizi filamu mbili, na wote wawili wasiwe waongo.

Na zile wati haziendi mbinguni. Zinageuka joto, ndiyo sababu ndani mna feni. Pale Cologne ukumbini mna kipoza hewa. Nikaiwazia sebule yangu mwezi wa Februari, kaskazi imelala, jasho linatoka ukiwa umekaa tu. Feni hupoza kwa hewa inayoivuta kutoka nje, na hewa yenyewe ikiwa moto, mashine hupunguza kasi yake kujiokoa. Tena hewa yetu ina chumvi. Kila anayekaa karibu na bahari anajua chumvi inavyofanya kwenye bawaba za milango.

Watu hudhani itakula tokeni. Haitakula. Wati-saa 80 haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja, yaani kuijaza mara moja hakufiki shilingi tano. Shida yetu ni stima kutokuwepo pale unapoihitaji. Na powabenki ya simu haitakusaidia sana: ile ya mAh 10,000 ina kama wati-saa 37, chini ya nusu ya betri hii, na sehemu yake hupotea njiani. Faida moja kwa anayebeba zawadi ni kuwa sheria za ndege huruhusu betri hadi wati-saa 100 bila kuomba ruhusa ya shirika, kwa hivyo mashine hizi hupita. Ibebe mkononi, usiitie kwenye sanduku la mizigo.

Swali la mwanangu ni la zamani kuliko anavyodhani. Nikiwa darasa la nane, marehemu kaka yangu aliniletea kutoka Dubai kile kimashine cha matofali yanayoanguka. Rangi moja, mlio mmoja, betri mbili. Zikiisha tulizianika juu ya paa la bati, jua lizifufue, tukapata nusu saa nyengine. Kile kilikuwa mjukuu wa mbali wa kazi ya Mjapani mmoja, Gunpei Yokoi, aliyeajiriwa na Nintendo mwaka 1965 kutunza mitambo ya kutengeneza karata. Mwaka 1980 alichukua kioo kile kile cha kikokotoo, kilichokuwa kimeshakuwa rahisi sokoni, akakifanya mchezo wa mfukoni uitwao Game & Watch. Fikra yake ilikuwa usikimbilie teknolojia mpya na ghali, chukua iliyozoeleka na rahisi, uipe kazi mpya.

Mwaka 1989 wakatoa Game Boy, kioo cha rangi ya maji ya mchicha, hakina taa, betri nne za kawaida. Mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear, rangi kamili, taa ndani, kila kitu kizuri. Ilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilikwenda zaidi ya kumi kwa betri nne. Pamoja na ndugu yake wa rangi aliyekuja baadaye, Game Boy iliuza zaidi ya milioni 118, na Game Gear haikuikaribia. Watoto wa dunia nzima walichagua kioo kibaya kinachokaa.

Bei za Ally zilikuja kutangazwa Septemba, nikiwa nimesharudi. Marekani zilikuwa dola 599.99 kwa nyeupe na 999.99 kwa nyeusi, na zikaanza kuuzwa tarehe 16 Oktoba. Kwa dola ya shilingi 129, ile niliyoishika ilikuwa kama KSh 129,000 kabla ya ushuru wowote. Dada yangu alipoona akasema "mmh", akanyamaza. Lakini hata angelipa, hiyo ni bei ya mlango tu.

Michezo hainunuliwi kwa diski, hupakuliwa, na mikubwa ya siku hizi hupita gigabaiti 100 kila mmoja. Kwenye nyumba yenye intaneti ya waya unaiacha usiku kucha. Kwenye nyumba inayoishi kwa bando za simu, pigeni hesabu wenyewe. Na ikishaingia, kila baada ya muda huja marekebisho, gigabaiti tano hapa, kumi pale, bila hayo mchezo wa mtandaoni haufunguki.

Kuna njia nyengine ambayo wauzaji wanaisifu: usipakue kitu, mchezo uchezwe kwenye kompyuta kubwa ya kampuni huko mbali, wewe uletewe picha tu. Kwanza huduma hizi hufunguliwa nchi kwa nchi, kwa hivyo tazama kama Kenya imo kabla ya kulipa hata senti, usitegemee anwani ya shangazi. Pili kuna umbali, na umbali hauna rushwa. Sisi watu wa Mombasa ndio tulio mlangoni pa nyaya za baharini. SEACOM na TEAMS zilitua hapa 2009, EASSy ikafuata 2010. Mwanga ndani ya waya hizo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme kompyuta ya mchezo iko umbali wa kilomita 5,000 za waya, kiasi cha kufika Ghuba. Kubonyeza kwako kutachukua sehemu 25 kati ya 1,000 za sekunde kufika, na picha itachukua 25 nyengine kurudi. Jumla 50, bila kuhesabu vituo vya njiani. Mchezo unaobadilisha picha mara 60 kwa sekunde hubadilisha kila baada ya sehemu 17. Kwa hivyo unachokiona kimeshapitwa na picha tatu. Kwa mchezo wa bao au wa kadi haina neno. Kwa Hornet na ile sindano yake, umeshakufa. Kununua bando kubwa zaidi hakusaidii, maana bando huongeza upana wa bomba, halifupishi safari.

Lililonikera zaidi ni hili la umiliki. Kaseti yangu ya zamani niliiazima, nikaazimwa, ikauzwa, ikarudi. Mchezo uliopakuliwa huwezi kumwazima jirani wala kuuuza. Umefungwa kwenye akaunti, na kisheria ulichonunua ni ruhusa ya kuutumia. Jimbo la California lilitunga sheria, inayofanya kazi tangu Januari 2025, kwamba muuzaji wa kidijitali asitumie neno "nunua" kiholela bila kumweleza mteja kuwa anapata leseni. Hata Nintendo Switch 2 iliyotoka Juni 2025, ambayo ina kadi za kuchomeka, baadhi ya kadi zake ni ufunguo tu; mchezo wenyewe bado unaupakua.

Jioni ile kwenye treni mpwa wangu aliniuliza kama nimeshaamua. Nikamwambia nimeamua kutoamua. Akanyamaza mpaka tukakaribia Bonn, kisha akasema, "Mjomba, mimi nimenunua Switch mpya. Ya zamani iko kwenye droo."

Ile ya zamani ni Switch ya kwanza, ya 2017. Kioo cha inchi 6.2 kisicho na mambo makubwa, betri ya wati-saa 16, sehemu ya tano ya ile ya Ally X, lakini mashine yenyewe inakula kidogo, inakwenda saa mbili na nusu hadi sita na nusu kulingana na mchezo. Ni nyepesi. Chaja ya simu inaijaza, hata kama polepole. Na mchezo uko ndani ya kadi, unachomeka unacheza, intaneti hata isikuwepo. Akanipa na kadi tatu. Mmoja ni Mario Kart, mbio za magari.

Kabla sijampa mwanangu nilikaa mezani na mamake tukaweka mipaka ya wazazi, ambayo kwenye mashine hizi hufanywa kwa programu ya simu: muda wa kucheza kwa siku, umri wa michezo, na kununua kufungwe kabisa. Hakuna kadi ya benki wala namba ya M-Pesa kwenye akaunti hiyo. Ni robo saa ya kazi, na nafikiri ndiyo robo saa yenye faida kuliko zote nilizozitumia kwa jambo hili. Deni la mia saba nililipa mimi kwa mwenye chumba, ana kwa ana, na mwanangu ananilipa kwa kunioshea pikipiki kila Ijumaa asubuhi. Zimebaki Ijumaa tatu. Madrasa amerudi, ustadhi hakuuliza kitu, na nilimshukuru kwa hilo.

Siku ya kwanza tulipocheza magari alinipita mara mbili kwenye mzunguko mmoja. Nikamwambia padi yangu ina kasoro. Tukabadilishana, akanipita tena. Akaniambia yale yale aliyoniambia binti wa Cologne: "Baba, usishike kitufe kwa hasira."

Dada alipiga simu jana kuuliza kama bado naitaka ile nyeusi, maana Desemba huenda ikapunguzwa bei. Nikamwambia atutafutie Mario Kart nyengine, kadi ya mtumba inatosha. Ya kwanza ameazimwa kijana wa jirani, na hii ni wiki ya tatu hajairudisha.